Dawa haimfundishi mdudu kitu: enzaimu zinavyobadilika mpaka sumu inashindwa kuua

Swali la msomaji: "Mtaalamu habari za kazi. Nimesoma kwamba wadudu wanakuwa sugu kwa sababu ya mutesheni kwenye enzaimu zao. Sasa mi kuna vitu vitatu sielewi. Kwanza, ni dawa yenyewe ndo inasababisha hiyo mutesheni? Pili, enzaimu si ni vile vitu vya kusaga chakula tumboni, vinahusiana vipi na sumu, na kwa nini mtu anabadilisha dawa anachukua yenye jina lingine kabisa na bado hawafi? Tatu, tukiacha kuitumia kwa muda, usugu unaisha?"

Salama ndugu, nashukuru kwa swali. Hilo la kwanza hata watu wenye vyeti vyao huwa wanalijibu vibaya, kwa hiyo naanza nalo, maana ukilikosea hilo mengine yote yanakaa upande.

Hapana, dawa haisababishi mutesheni. Najua tunavyosemaga, "wadudu wameizoea dawa", kama vile mtu anavyozoea baridi ya asubuhi. Mdudu mmoja mmoja hazoei kitu, akipigwa na sumu ama anakufa ama hafi, akifa ndo basi tena hana cha kujifunza. Kinachobadilika ni ukoo. Mutesheni ni makosa ya kunakili tu, DNA inanakiliwa herufi kwa herufi kila mara seli inapogawanyika, na kwa mdudu herufi zenyewe ni mamia ya mamilioni, sasa hata mwandishi makini vipi kuna pahala atateleza. Nzi mmoja anataga mayai kwa mamia, vizazi vinafuatana haraka haraka, kwa hiyo kwenye jeshi lote la nzi wa eneo zima lazima kuna wawili watatu ambao herufi imegeuka pahala ambapo siku moja patakuja kuwa na maana. Kabla ya dawa yule ni mdudu wa kawaida, pengine hata mnyonge kidogo kuliko wenzake. Siku dawa inapulizwa wenzake wanaanguka, yeye anabaki na uwanja wote, na wachumba anaowapata ni wale waliobaki kwa sababu hiyohiyo iliyombakisha yeye. Dawa ni chujio.

Na hii sio nadharia tu ya darasani. Kuna nzi wa Australia anaitwa Lucilia cuprina, huyu anataga kwenye manyoya ya kondoo na funza wake wanamla kondoo akiwa hai, ni kero kubwa sana kwa wafugaji wa kule. Dawa za kundi la organofosfeti zilianza kutumika kwao kama mwaka 1950 hivi, na baadaye nzi wakawa sugu, na watafiti wakapata herufi zilizobadilika kwenye jeni ya enzaimu moja inayoitwa E3. Basi wakajiuliza swali lako hilihili. Wakaenda kwenye makusanyo ya zamani, zile nzi zilizokaushwa na kuchomwa pini na kupangwa kwenye visanduku, nyingine zimekaa humo tangu kabla organofosfeti haijafika nchini, wakatoa DNA kwenye hiyo mizoga mikavu na kuisoma. Majibu yakatoka 2006: badiliko mojawapo, lile linalompa nzi usugu wa malathioni, mojawapo ya hizo organofosfeti, lilikuwemo tayari kwa nzi waliokufa kabla dawa haijaja. Nzi hajawahi kunusa malathioni maishani na tayari kinga anayo mwilini! Badiliko la pili, linaloleta usugu wa daiazinoni, organofosfeti nyingine, wao hawakuliona kwenye zile nzi za kale, ambayo maana yake ama lilikuwa adimu sana kiasi cha kutoonekana kwenye sampuli au lilizuka baadaye. Ukiielewa hadithi ya hizo nzi za kwenye sanduku nusu ya somo umemaliza.

Haya twende kwenye enzaimu. Zile za tumboni ni kakundi kadogo tu. Enzaimu, au vimeng'enya ukitaka Kiswahili cha vitabuni, ni protini zinazofanya kazi za kikemia mwilini, kila moja na kazi yake, moja inakata, nyingine inaunganisha, nyingine inahamisha kipande kutoka molekuli hii kwenda ile. Protini yenyewe ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja ukapata umbo, na kwenye hilo umbo kuna kishimo ambamo kazi inafanyika. Kila kitu kiko kwenye kishimo. Ukibadilisha herufi moja ya DNA unaweza kubadilisha asidi amino moja kati ya mia tano au mia sita, na kama hiyo moja imekaa ukingoni mwa kishimo basi umebadilisha nani anaingia na nani haingii.

Sasa sumu na enzaimu wanakutana kwa namna mbili, na watu wanazichanganya sana. Namna ya kwanza enzaimu ndo inayolengwa, yaani sumu imekuja kuiua hiyo enzaimu. Namna ya pili enzaimu ni mlinzi, yeye ndo anaikamata sumu na kuivunja kabla haijafika inakokwenda. Mutesheni inaweza kumsaidia mdudu kwa njia zote mbili, na dawa inavyofeli ni tofauti kabisa.

Tuchukue ile ya kulengwa kwanza. Kwenye mishipa ya fahamu ujumbe unaruka kutoka neva moja kwenda nyingine kwa kutumia kemikali inaitwa asetilikolini, na ikishafikisha ujumbe lazima ifagiliwe haraka, la sivyo neva inaendelea kupiga kelele bila kunyamaza. Mfagiaji ni enzaimu inayoitwa asetilikolinesterasi, jina refu sana, mi nitamwita mfagiaji tu. Ana kasi ya ajabu, molekuli moja inakata maelfu ya asetilikolini kwa sekunde moja. Chini kabisa ya kishimo chake, ambacho ni kirefu kama korongo, kuna asidi amino inaitwa serini na hiyo ndo kisu chenyewe. Organofosfeti na kundi jingine la dawa za wadudu linaloitwa kabameti zinafanya ujanja mmoja, zinaingia kwenye korongo zikijifanya ni asetilikolini, serini inaziuma, halafu zinanasia palepale. Asetilikolini ingetoka mara moja, organofosfeti inaganda kwa masaa, hata siku, kabameti inaachia mapema kidogo lakini kwa mdudu inatosha. Mfagiaji amefungwa mikono, ujumbe unajazana, mdudu anatetemeka, anapooza, anakufa. Na wewe unaye mfagiaji huyohuyo, ndo maana hizi dawa zinamdhuru hata anayepuliza.

Kwa mbu wa aina kadhaa, wakiwemo Anopheles gambiae anayebeba malaria na Culex pipiens, kuna badiliko moja maarufu linaitwa G119S, lilitambuliwa 2003. Asidi amino ya 119 kawaida ni glaisini, ambayo ndo ndogo kuliko zote, kando yake kuna haidrojeni moja tu haijazi nafasi yoyote. Kwa mbu sugu hapo pana serini nyingine, tofauti na ile ya kisu, na hii ina kamkono kadogo kanakojitokeza ndani ya korongo. Hako kamkono ndo mambo yote. Asetilikolini ni nyembamba bado inapita kwa kujibana, sumu ina mwili mnene inagonga pale inashindwa kukaa vizuri kwenye kisu. Mfagiaji anaendelea na kazi, kwa kusuasua lakini anaendelea.

Hii unaweza kuiona kwa macho na mi huwa napenda kuwaonyesha wanafunzi kwa sababu haihitaji mashine ya gharama. Unachukua mbu mmoja unamponda kwenye maji yenye bafa, yaani kemikali ya kuzuia asidi isipande wala kushuka, unagawa ule mchuzi kwenye visima viwili vya sahani ya plastiki, kisima kimoja unaweka propoksa ambayo ni kabameti, kingine hauweki, halafu unatia kemikali mbili ambazo mfagiaji akifanya kazi rangi inageuka njano. Kisima kisicho na sumu kinakuwa njano kwa kila mbu. Chenye sumu, kama mbu ni wa kawaida kinabaki cheupe kama maji, kama ni sugu kinaanza kuwa njano taratibu mbele yako. Mara ya kwanza kufanya peke yangu nilipata sahani nzima njano tupu, nikakimbia kumwita mwalimu wangu nikijua nimegundua mbu sugu asilimia mia, akaniuliza swali moja tu, "propoksa uliweka?" Chupa ilikuwa bado imefungwa.

Turudi kwenye herufi maana kuna kitu kitamu hapa. DNA inasomwa kwa maneno ya herufi tatu tatu. Kwa Anopheles gambiae na Culex ile glaisini imeandikwa GGC, geuza G ya kwanza iwe A unapata AGC, ambayo ni serini, kosa moja tu la kunakili kazi imekwisha. Kwa Aedes aegypti, mbu wa homa ya dengi, glaisini hiyohiyo imeandikwa GGA. Ukigeuza herufi ya kwanza unapata AGA na hiyo sio serini, ni ajinini, ambayo ni limkono kubwa. Ili afike kwenye serini anahitaji makosa mawili sio moja, na ndo maana kwake badiliko hili limekuwa adimu sana wakati wenzake wamelipata tena na tena katika sehemu mbalimbali za dunia. Wote ni mbu, wote sumu ni ileile, tofauti ni tahajia ya neno moja ambayo haikuwa na maana yoyote kwa mamilioni ya miaka.

Na hapa ndo jibu la kipande cha swali lako la pili, kwa nini unabadilisha dawa na wadudu hawana habari. Umetoka kwenye organofosfeti umeenda kwenye kabameti, jina tofauti, chupa tofauti, kampuni tofauti, harufu tofauti, lakini zote mbili zinamfuata mfagiaji yuleyule kwenye kishimo kilekile, na kamkono ka G119S kanazizuia zote. Hujabadilisha kitu. Angalia lebo, dawa nyingi zimeandikwa namba ya kundi kufuatana na jinsi zinavyoua, utaratibu wa kamati ya kimataifa inaitwa IRAC. Kabameti ni 1A, organofosfeti ni 1B, hiyo 1 ya mbele ndo inakwambia shabaha ni moja. Mtu akiniambia amezungusha dawa tatu mfululizo nikakuta zote zinaanza na 1, huwa nanyamaza kwanza nitafute namna ya kumwambia.

Nyongeza ya haraka, mfagiaji sio enzaimu pekee inayolengwa. Dawa zinazozuia mdudu kutengeneza ganda jipya, zile za kundi la benzoiluria, kwa nondo wa kabichi zimekwama kwa sababu ya badiliko moja kwenye enzaimu inayojenga ganda, asidi amino ya 1042. Wadudu wa nafaka ghalani waliokuwa sugu kwa gesi ya fosfini, usugu mkali walionao umetokana na mabadiliko kwenye enzaimu moja inayohusika na kuzalisha nguvu ndani ya seli, ilijulikana 2012. Na nzi weupe nao wana badiliko lao kwenye enzaimu ya kutengeneza mafuta. Mchezo ni uleule wa kishimo, kwa hiyo sitazunguka huko.

Mi ninachoona kina mambo mengi zaidi ni hawa walinzi, enzaimu zinazovunja sumu. Kuna familia tatu kubwa, esterasi, P450, na glutathioni transferasi, na kila familia ina tabia yake.

Nikurudishe kwa yule nzi wa kondoo. Enzaimu yake ya E3 ni esterasi, ndugu wa mbali wa yule mfagiaji, nayo ina kishimo na serini ya kisu. Kwa nzi wa kawaida organofosfeti inanasa humo na kuiziba, basi mlinzi amekufa pamoja na wenzake. Kwa nzi sugu wa daiazinoni, glaisini ya 137, iliyoko ukingoni mwa kishimo, imekuwa asidi aspatiki. Unaona, tena ni glaisini, tena ni ukingo wa kishimo, ila safari hii matokeo ni mengine kabisa. Ile aspatiki inashika molekuli ya maji na kuielekeza ipige pale sumu iliponasa, sumu inakatika inatoka, kishimo kinafunguka, inaingia nyingine. Enzaimu iliyokuwa inakufa kwa sumu sasa inaila. Inaila polepole sana, sio kama mfagiaji na maelfu yake kwa sekunde, lakini ipo ya kutosha na nzi anapona. Gharama yake ni kwamba ile kazi yake ya zamani ya kukata esta za kawaida imepotea karibu yote. Watafiti wawili wa Uholanzi, Oppenoorth na van Asperen, walilihisi jambo hili kwa nzi wa nyumbani mwaka 1960, waliona nzi sugu wana esterasi kidogo kuliko wa kawaida wakasema lazima enzaimu imegeuka ikawa mvunja sumu, wakati huo hakuna aliyeweza kusoma jeni. Miaka ya 1990 jeni iliposomwa wakakutwa wako sahihi, na nzi wa nyumbani ana badiliko lilelile la 137 kama la nzi wa kondoo, wawili tofauti wamefika mlango mmoja.

Lile badiliko lingine, la malathioni, lile lililokutwa kwenye nzi wa sandukuni, lenyewe linaondoa triptofani ambayo ni bonge la asidi amino, mara nyingi pakawekwa lusini ambayo ni ndogo, nafasi inapanuka ndani ya kishimo na molekuli kubwa kama malathioni inaingia na kukatwa. Kwa hiyo jeni moja, mabadiliko mawili, moja limeleta maji, lingine limebomoa ukuta.

Niseme kidogo kuhusu malathioni kwa sababu inafundisha. Sisi binadamu inatudhuru kidogo kuliko organofosfeti nyingine kwa sababu tuna esterasi nyingi za kuikata. Mwaka 1976 kule Pakistani kwenye kampeni ya malaria wapulizaji waliumwa kwa wingi na watano wakafa, na chanzo kilikuwa malathioni iliyokuwa na uchafu ndani yake, isomalathioni, ambayo inaziba hizohizo esterasi zetu. Mlinzi akishazibwa ile dawa ya kawaida inakuwa sumu kali. Kumbuka hili, nitalirudia.

Kuna wadudu ambao hawajabadilisha umbo la enzaimu hata kidogo, wameongeza idadi tu. Kidukari wa kijani, Myzus persicae, jeni ya esterasi yake imejirudia mara nyingi, wengine hadi nakala kama 80, na kwa wale sugu zaidi hiyo enzaimu moja peke yake inafika asilimia 1 au zaidi ya protini yote ya mwili. Hebu fikiria mdudu mdogo kama kichwa cha pini ameijaza damu yake na kitu kimoja. Na enzaimu yenyewe haiikati sumu kwa kasi yoyote ya maana, inainasa tu, ni kama sponji, sumu inaishia kwenye sponji kabla ya kumfikia mfagiaji. Hii nayo ni mutesheni, ingawa watu wakisikia mutesheni wanafikiria herufi moja tu iliyogeuka. Kurudia jeni nzima ni kosa la kunakili vilevile.

P450 ndo familia inayoniumiza kichwa zaidi, maana ni kubwa, mdudu mmoja anaweza kuwa na jeni zaidi ya mia za aina hii, na kila moja inashika molekuli nyingi tofauti tofauti, haichagui sana. Kazi yao kubwa ni kuchomeka oksijeni kwenye molekuli ngeni ili iyeyuke itolewe nje, walikuwa wanavunja sumu za mimea enzi na enzi kabla mtu hajabuni dawa ya dukani. Kwa hiyo mara nyingi mutesheni haihitaji hata kugusa enzaimu, inagusa swichi. Mfano unaojulikana sana ni wa nzi wa matunda, Drosophila, ilielezwa 2002: kipande cha DNA kinachorukaruka kimejichomeka mbele ya jeni inaitwa Cyp6g1, swichi ikapanda juu, enzaimu ikatengenezwa nyingi, DDT haimwui tena. Na kuna mfano wa funza wa vitumba, Helicoverpa armigera, huu mi naupenda kuliko yote. Alikuwa na jeni mbili za P450 zimekaa jirani, siku moja wakati wa kupanga kromosomu zikakatika vibaya na kuungana, mwanzo wa moja na mwisho wa nyingine, ikazaliwa jeni ya tatu chotara. Hakuna hata mzazi mmoja aliyekuwa anaweza kuivunja dawa ya wadudu inayoitwa fenvalereti, mtoto anaivunja.

Glutathioni transferasi nitawapitia haraka, hawa wanaibandika sumu kitu cha kuifanya itoke, na kwa DDT wanang'oa kloridi moja ikabaki DDE ambayo haiui. Mbu Anopheles funestus wa Benini wana badiliko la asidi amino moja namba 119 kwenye enzaimu mojawapo ya familia hii, GSTe2, mlango wa kishimo umefunguka DDT inaingia vizuri. Namba 119 kufanana na ile ya mfagiaji ni bahati tu, usije ukajenga nadharia hapo.

Sasa unaona kipande cha pili cha jibu la kubadilisha dawa. Hata ukifuata namba za makundi kwa uaminifu, mdudu mwenye P450 iliyopanda juu anaweza kukushinda, kwa sababu mlinzi hajali sumu inaelekea wapi, yeye anaikamata njiani. Kidukari yuleyule aliyezoea tumbaku ana P450 iliyoongezeka kwa ajili ya nikotini ya mmea, na ndo hiyohiyo inamsaidia dhidi ya dawa za neonikotinoidi ambazo zinafanana na nikotini. Nikukumbushe pia kwamba sio kila usugu ni wa enzaimu. Pairethroidi, kundi la dawa zinazotiwa kwenye vyandarua, na DDT zinapiga mlango wa sodiamu kwenye neva, huo sio enzaimu, na badiliko lake maarufu linaitwa kdr. Mbu mmoja anaweza kuwa na kdr na P450 kwa pamoja, na hapo kujua ni nini hasa kinachomlinda lazima upime.

Kupima ndo unarudi kwenye kisa cha Pakistani. Kuna kemikali inaitwa PBO, yenyewe haiui mdudu kitu ila inaziba P450, kama isomalathioni ilivyoziba esterasi zetu. Unawapa mbu PBO kwanza halafu pairethroidi. Wakianza kufa wakati jana walikuwa wanapepea tu, ujue mlinzi alikuwa P450. Wasipokufa, tafuta kwingine. Na ndo wazo la vyandarua vyenye PBO ambavyo WHO ilivikubali 2017. Kuna hata ujanja wa kumgeuzia mdudu nguvu yake mwenyewe: klofenapiri ikiingia mwilini bado sio sumu kali, ni P450 za mdudu ndo zinaikata na kuifanya sumu kamili, kwa hiyo yule mwenye P450 nyingi kupita kiasi anaweza kuwa ndo anajichimbia kaburi haraka. Vyandarua vyenye klofenapiri pamoja na pairethroidi vilipata pendekezo la WHO 2023. Na suala la kuongeza dozi, ambalo hukuuliza ila najua lipo kichwani: usifanye. Utawaua wale wenye kinga nusu, utabakiwa na wenye kinga kamili peke yao, na wewe mfagiaji wako hana G119S.

Swali la tatu, tukiacha dawa usugu unaisha? Jibu ni inategemea mutesheni inamgharimu nini mdudu. Yule mfagiaji mwenye kamkono anafanya kazi kwa kusuasua, kwa Culex nguvu yake imepungua kwa zaidi ya nusu, ujumbe kwenye neva haufagiliwi vizuri hata siku ambazo hakuna sumu. Kule kusini mwa Ufaransa, karibu na Montpellier, pwani walipuliza organofosfeti dhidi ya mbu tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 na bara hawakupuliza, watafiti wakafuatilia miaka na miaka wakaona jeni za usugu ni nyingi pwani na zinapungua kadiri unavyoingia bara. Kule pasipo na dawa mwenye usugu anashindwa na wenzake, wakati wa baridi anapojificha mapangoni ndo anakufa zaidi. Kwa hiyo ndio, ukiacha dawa usugu wa aina hiyo unashuka. Lakini haufiki sifuri, siku ukirudisha dawa unapanda tena na safari hii kwa kasi maana mbegu ipo.

Na mdudu naye hakai kusubiri. Mbu wengine wamepata kosa jingine la kunakili, jeni ya mfagiaji imejirudia, nakala moja ya kawaida na nyingine yenye kamkono zimekaa pamoja kwenye kromosomu moja, kwa hiyo anarithisha zote mbili kwa pamoja, moja ya kufanya kazi vizuri na moja ya siku ya dawa. Gharama imepungua, na kuacha dawa kwa misimu miwili mitatu hakutamsumbua sana.

Nzi wa kondoo ndo alienda mbali zaidi. Daiazinoni ilipoanza kushindwa kuua, watafiti waliona hao nzi sugu wamekaa vibaya, ukihesabu vinywele vya mwilini upande wa kushoto na wa kulia hesabu hazilingani kama za nzi wa kawaida, dalili kwamba wanakua kwa shida. Mtu angesema subiri tu, ukipumzisha dawa hawa watapotea. Ila wafugaji waliendelea kuitumia miaka na miaka, na ndani ya hiyo miaka likajitokeza badiliko jingine kwenye jeni nyingine kabisa, halihusiani na sumu, kazi yake ni kurekebisha ukuaji tu. Walipohesabu tena vinywele, kushoto na kulia vilikuwa sawa, na daiazinoni bado haiwaui.